Peugeot 504 stesheni wagoni ya mzee wa Gede, ninunue ama nikimbie?

Samaki_Ngomeni

Salama wakuu. Naomba ushauri kabla sijamwaga pesa. Kuna Peugeot 504 stesheni wagoni nimeiona pale Gede, ya petroli 2000, gia iko kwa usukani, rangi ile ya maziwa ya kizamani na namba bado ni zile za herufi tatu na tarakimu tatu basi, haina herufi ya mwisho. Mwenyewe aliinunua ikiwa mpya na alikuwa akiitunza sana, ameshatangulia mbele za haki, sasa kijana wake ndio anauza. Anataka laki mbili na nusu. Nimemwambia laki na themanini akacheka, lakini hakuondoka.

Kazi yangu ni samaki. Natoa Ngomeni alfajiri naleta Malindi mjini, siku nyingine nashuka mpaka Watamu kwa mahoteli. Saa hii ni bodaboda na tuktuk na zinakula faida yote. Hii Pijo nimeipenda kwa sababu ya nyuma, ukilaza viti pale unapanga makreti na bado unabaki na nafasi ya kuweka jeki na spea, na juu kuna keria.

Nimeiwasha ikawaka, moshi kidogo, ikatulia. Tumeiendesha mpaka barabara kubwa tukarudi. Gia ya rivasi unaitafuta kama kitu kimeanguka kisimani lakini inapatikana. Na nilifurahi kitu kimoja, mshale wa joto haukupanda hata kidogo njia nzima, kijana akaniambia hiyo ni dalili injini iko baridi na nzima. Wenye kuijua hii gari magonjwa yake ni gani?

Probox_Tu

Laki na themanini ongeza kidogo kidogo utafute Toyota Probox. Chuma ya kazi, spea kila duka, fundi yeyote hata yule anajifunza ataifungua. Wale wa miraa wanaiua kila siku na haifi. Ya kwako hiyo ni ya kupigia picha za harusi.

FundiMtwapa

Nimeshika hizi gari tangu niko kijana wa kupewa spana 13 nishikilie, kwa hivyo nitasema ninachojua na wewe uamue.

Kwanza huo mshale. Kaka, mshale wa joto usiopanda KABISA sio dalili ya uzima. Injini ikifanya kazi lazima ipate joto na mshale usogee mpaka karibu na katikati ukae hapo. Usiposogea basi ama sensa imekufa ama waya umechomolewa, na mtu huchomoa waya akiwa amechoka kuuangalia ukipanda. Kwa hii gari hilo ndio jambo la kwanza la kuogopa, kuliko gia kuliko kutu kuliko yote.

Sababu ni hii. Bloku ya hiyo injini ni chuma lakini hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda, ni aluminiamu. Sasa sisi hapa pwani maji ya kisima ni ya chumvi, na watu miaka nenda miaka rudi wanajaza radieta kwa ndoo ya kisimani. Aluminiamu na maji ya chumvi havipatani, hedi inaliwa polepole kwa ndani kwenye njia za maji, unaifungua unakuta mashimo kama jino bovu. Hapo hata ukiweka gasketi mpya haishiki kwa sababu inakalia kitu kisicho sawa. Wanapeleka kusawazisha kwa mashine, mara ya kwanza sawa, mara ya pili hedi imekuwa nyembamba, ya tatu unatafuta hedi nyingine na hedi nyingine haipo dukani, iko kwa mtu aliye na Pijo iliyokufa na yeye anajua unaihitaji.

Pili, laina, yale mabomba ambayo pistoni zinapanda na kushuka ndani yake. Kwa hii injini laina zimekaa ndani ya maji kabisa, chini kuna sili zinazozuia maji yasiingie kwenye oili. Ukitoa hedi hutakiwi kuzungusha injini mpaka umezibana laina kwa juu, maana pistoni ikipanda inainua laina na sili ya chini inaachia. Fundi asiyejua anatoa hedi, anazungusha ili asafishe pistoni vizuri, anaweka gasketi mpya, anafunga, gari inatoka. Baada ya wiki mbili maji yako kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na anakuambia gasketi ilikuwa feki. Sio gasketi. Nimeona injini zikitupwa kwa kosa hilo la nusu saa.

Kwa hivyo ukirudi Gede nenda bila kupiga simu, ama piga useme hutaki iwashwe kabla hujafika. Weka mkono juu ya injini, ikiwa na joto mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi fungua kifuniko cha radieta uone maji ni rangi gani. Toa kifuniko cha oili, ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, funga, salimia wazee, ondoka. Kisha iwashe na kifuniko cha radieta kikiwa wazi uangalie kama kuna mapovu yanatoka mfululizo, siyo moja moja ya hewa ya mwanzo, mfululizo. Hiyo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji.

Halafu feni. Feni ya hii gari kutoka kiwandani inajishika na kujiachia yenyewe kwa sumaku ya umeme, kuna kaboni kadogo kanapeleka moto na swichi ya joto kwenye radieta. Ujanja mzuri wa wakati ule lakini kaboni inaisha, waya unakatika, feni inabaki kuzunguka kivivu na injini inachemka kwa foleni. Mafundi wengi tulishaifunga moja kwa moja, inazunguka muda wote, inaongeza ulaji wa mafuta kidogo na ina kelele lakini hutachemka. Ukikuta imefungwa usiogope, hiyo ni nafuu.

Mzee_wa_Safari

Vijana mnaongea juu ya Pijo kama mnaongea juu ya mkokoteni. Hii gari ilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, 1978 ikashinda tena ile ya milango miwili ya V6 na Jean-Pierre Nicolas. Matope, mawe, vumbi, bado ikafika. Na kabla yake 404 ilikuwa imeshinda mara nne. Siku hizo ukisema Pijo hakuna wa kukuuliza kwa nini.

Probox_Tu

Andersson hakuwa amebeba changu na barafu mzee wangu

Bint_Dereva

😂 Msimcheke mzee, yuko sawa kwa upande wake.

Babangu alikuwa dereva wa Pijo, Malindi–Mombasa, kwa hivyo hii gari nimelala ndani yake kuliko nilivyolala kwetu. Nyuma ilikuwa na viti safu tatu zote zikiangalia mbele, na abiria alikuwa akihesabiwa kwa kubanana sio kwa kiti. Yeye alikuwa akisema injini ya Pijo haitakuua, kinachokuua ni chini. Kabla daraja la Kilifi kufunguliwa 1991 gari zilikuwa zikivuka kwa feri, na pale kwenye kupanda na kushuka maji ya bahari yanapiga chini ya gari kila siku ya Mungu. Siku moja nyuma ikakaa chini upande mmoja kama mtu aliyevunjika nyonga, tukadhani springi imekatika kumbe springi ni nzima, pale inapokalia ndio kumeoza kumetoboka springi imeingia ndani ya bodi.

Hii stesheni wagoni haiko kama saluni yake, ile ya buti, kwa nyuma. Saluni kila gurudumu la nyuma linajitegemea, hii ina ekseli moja nzima na springi nne, mbili kila upande, ndio maana ilikuwa inabeba vile. Sasa wewe lala chini na tochi uangalie zile sehemu nne, na bisibisi mkononi, piga pole. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza halafu bisibisi inazama. Na usikubali uambiwe kumepakwa rangi nyeusi ya lami chini kwa ajili ya kuzuia kutu, mara nyingi imepakwa kuzuia macho.

Halafu swali la upole kaka yangu. Samaki, barafu, maji ya chumvi yanayotiririka kwenye sakafu ya gari iliyokwisha kula chumvi miaka arobaini. Umefikiria hilo?

Samaki_Ngomeni

Shukran dada, shukran fundi. Huo mshale umenitoa usingizi. Kuhusu maji ya barafu nilifikiria kuweka plastiki ngumu nyuma yote. Sasa fundi, na gia hiyo ya usukani je? Na klachi naona inashika juu sana, karibu na mwisho wa pedali.

FundiMtwapa

Gia ya usukani ni vibushi tu na vile vijiti vya kuunganisha, vikila unapata hiyo rivasi ya kutafuta. Giaboksi yenyewe ni ngumu. Vibushi kuna watu wa kuchonga wanavitengeneza, hiyo isikunyime usingizi.

Klachi ndio sijapenda nilivyosikia. Ikishika juu kabisa inaweza kuwa ni kurekebisha tu lakini mara nyingi ni sahani imekwisha. Sahani yenyewe sio pesa nyingi, kazi ndio nyingi. Kwa hii gari shafti ya kupeleka nguvu nyuma haikai nje kama gari nyingine, iko ndani ya bomba moja refu limefungwa kutoka giaboksi mpaka kwenye difu, zile gia za ekseli ya nyuma, kipande kimoja. Ili utoe giaboksi lazima usukume bomba na ekseli yote ya nyuma irudi nyuma, ama utoe injini kwa juu. Kwa Toyota ni kazi ya asubuhi, kwa hii uhesabu siku na nusu na vijana wawili, na bolti zimeshika kutu. Kwa hivyo hapo pekee punguza bei. Mwambie kijana klachi inashika juu, atajua umeongea na mtu.

Ya plastiki, usifanye. Plastiki inaficha, maji yanaingia pembeni yanakaa chini yake yakila taratibu na huoni. Tafuta boksi la barafu lenye tundu chini, weka mpira upitishe maji mpaka nje ya gari kabisa, na kila jioni miminia maji matamu ndani na chini. Maji ya mvua ama ya mfereji, sio ya kisima!

Abu_Mokowe

Mimi niko Amu, kisiwani Lamu, gari naliacha Mokowe ng'ambo ya bara kwa sababu huku kwetu kisiwani mwajua, punda ndiye gari na boti ndiyo basi. Nalikuwa na hii hii, 504 stesheni wagoni, nalinunua kwa mtu wa Witu. Kuna jambo hamjalisema, na ni la kuegesha. Gari hii ukiitumia kila siku yavumilia, ukiiacha ndiyo yaoza. Mimi naliiacha Mokowe chini ya mkorosho wiki mbili tatu, upepo wa bahari usiku kucha, nikirudi breki za nyuma zimeshikana na ngoma, wasukuma haiendi, mpaka upige nyundo. Kabureta nayo imeota kitu cha kijani. Mwisho fundi mmoja akanifungia kabureta ya gari nyingine kabisa, ikawa yawaka vizuri lakini yanywa petroli kama ina kiu ya Ramadhani. Kwa mzigo nalikuwa sipati kilomita 8 kwa lita moja.

Na spea. Zamani ulikuwa waingia duka lolote Mombasa watoka nazo, gari hizi hapa Kenya zimeunganishwa mpaka 2004 japo kule kwao Ufaransa waliziacha 1983. Kwa hivyo vitu vilikuwa vimejaa. Sasa vilivyobaki ni vya pikapu zaidi, vingi vyaingiliana kwa mbele na injini, lakini mlango wa nyuma wa wagoni, kioo chake, raba zake, hivyo wavitafuta kama dhahabu. Angalia mlango wa nyuma wafunga sawasawa na raba ni nzima, maana raba ikifa moshi wa ekzosi waingia ndani na weye waja kulala kwenye usukani huku samaki wako macho.

Probox_Tu

Sasa hesabu mwenyewe. 8 kwa lita. Yangu ya 1500 napata 14 mpaka 15 nikiwa na mzigo wa wastani. Ngomeni kwenda na kurudi ni kama kilomita 60 kila siku ya kazi. Gari unanunua mara moja, petroli unanunua kila alfajiri.

Bint_Dereva

Hapo Probox kaka umesema kitu, nakubali shingo upande. Lakini Probox ya laki na themanini nayo itakuwa imepigwa chini juu, imebeba miraa mpaka imechoka, na yenyewe kutu inayo. Usimuuzie ndoto.

Nami nina swali ambalo naona wanaume wote mmeliruka mkashika spana. Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, iko kwa jina la nani?

Samaki_Ngomeni

Iko kwa jina la mzee. Kijana alinionyesha, ile ya karatasi ya zamani, imekunjwa mpaka imechanika katikati.

Bint_Dereva

Basi kijana hana gari ya kukuuzia, bado. Mwenyewe amefariki, gari ni mali ya warithi wote. Huwezi kubadilisha jina NTSA, kwa mamlaka ya usafiri, mpaka warithi wawe na karatasi za mirathi kutoka kortini zinazosema nani ana ruhusa ya kuuza. Kwa Waislamu wengi wanaanzia kwa Kadhi, na Malindi yuko. Muulize ana ndugu wangapi, na mama yuko hai? Kwa sababu utampa huyu laki na themanini leo, mwaka ujao dada yake anatoka Mombasa anasimama mlangoni kwako anasema gari ya baba iko wapi. Nimeliona hili kwa macho yangu na gari ilikuwa mbovu vile vile.

Na namba ya injini ilinganishe na logibuku. Nyingi ya hizi zilibadilishwa injini zamani na hakuna aliyeandikisha.

Mzee_wa_Safari

Huyu binti ana akili. Mimi ningesahau hilo nikaangalia taa tu.

Samaki_Ngomeni

Wakuu nimerudi. Nimeenda Gede leo asubuhi bila kusema, na binamu yangu na tochi.

Injini ilikuwa baridi, hiyo alhamdulillah. Maji ya radieta yana rangi ya kutu, kama supu ya maharage, niliuliza wanaweka maji gani kijana akanionyesha kisima kwa kidole. Oili haina maziwa. Tukawasha na kifuniko wazi, mapovu yalikuja kidogo mwanzo yakaisha, tumekaa dakika ishirini hayakurudi. Feni imefungwa moja kwa moja. Waya wa mshale umechomolewa kweli fundi!! Unaning'inia pale nyuma. Binamu akaurudisha, mshale ukapanda ukapita katikati ukakaa juu kidogo lakini haukufika kwenye nyekundu. Kijana alikuwa ananiangalia tu, akasema hata yeye hakujua, na namuamini maana alishangaa kuliko mimi.

Chini. Pale pa springi upande wa dereva ni pazima, piga bisibisi inalia. Upande wa abiria moja imeingia. Sio yote, lakini imeingia, kama kidole. Na sakafu ya nyuma kuna kiraka cha bati kimechomelewa juu ya zulia, sijui fundi gani anachomelea juu ya zulia.

Ndugu wako sita. Mama yuko hai, ndiye aliyetuletea chai, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, tukaongea sana. Anasema gari haiuzwi. Kijana anasema inauzwa. Nimewaacha hapo.

FundiMtwapa

Kuchomelea zulia 🤦🏾 huyo fundi ana bahati haikuwaka.

Injini hiyo kwa maelezo yako inaokoleka. Mshale kukaa juu kidogo inaweza kuwa radieta imeziba na ile supu, itolewe ioshwe, themostati iangaliwe kama ipo maana wengi waliitupa, kisha uweke kulanti sio maji matupu. Pale pa springi pakatwe pajengwe upya, sio kubandikwa, na asichomelee mtu hapo bila kuinua gari na kutoa springi. Na klachi. Mimi ningehesabu laki moja ya ukarabati juu ya bei, na hiyo ni ukifanyiwa na mtu muaminifu. Kwa kubeba samaki kila siku siioni, sitakudanganya. Kwa mtu anayeipenda na anaegesha mbali na bahari, hiyo ni gari nzuri.

Abu_Mokowe

Mama akisema haiuzwi, haiuzwi. Mwachie.

Probox_Tu

Kuna Toyota Succeed moja, ndugu yake Probox, naijua iko Maweni, manyuo ya gia za mkono, mwenyewe ni mwalimu, haijabeba miraa. Njoo inboksi.

Samaki_Ngomeni

Nitakuja inboksi kesho inshallah. Lakini niseme ukweli, nimetoka pale Gede nimegeuka nyuma kuiangalia mara mbili.

FundiMtwapa

Ukiamua huitaki, na yule mama akibadilisha moyo na karatasi zikapatikana, nijulishe mimi kabla ya mtu mwingine. Nina mlango wa nyuma wa wagoni nimeuweka tangu zamani hauna gari.

Samaki_Ngomeni

Fundi!! Kumbe ushauri wote huu ulikuwa wa kunitoa njiani?

FundiMtwapa

Sijasema hivyo. Nimesema mlango upo.